Verlyn Tjaden Hahitaji Kitu

Verlyn Tjaden alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala lake la bati wiki ile ile mahindi yalipokauka sawasawa. Angeambiwa achague siku mbaya ya kuvunjika mguu katika mwaka mzima, asingepata mbaya kuliko hiyo. Daktari alimfunga plasta kuanzia kwenye paja mpaka kwenye vidole, akamwambia asipande mashine yoyote mpaka theluji ianguke. Verlyn akajibu kwamba si vibaya sana, watu wanaanguka vibaya zaidi. Daktari, ambaye naye ni mtoto wa huku huku kwetu, akakubali kwamba ndiyo, wanaanguka vibaya zaidi, wakaagana.

Sisi watu wa Osterfeld, mji wetu mdogo wa wakulima, ndivyo tulivyo. Kimbunga kikimng'olea mtu paa, atakuambia kwamba angalau sasa nyumba inapata hewa. Ukimkaribisha kahawa atakataa. Ukimkaribisha tena atakataa. Mara ya tatu atasema basi, nusu kikombe, kama ipo tayari, na hapo atakunywa birika zima. Usimwite mnafiki. Ni adabu tuliyolelewa nayo, na mtoto anayekubali keki mara ya kwanza hufinywa chini ya meza. Anayetoa naye anaijua kazi yake, kwamba anauliza mara tatu. Ukiuliza mara moja ukaondoka, hujatoa kitu, umepita kusalimia tu.

Tatizo la Verlyn lilianzia hapo. Wanaume wa mji walikuja mmoja mmoja, kila mtu akiwa na mahindi yake shambani yanayomsubiri, wakasimama uani na mikono mifukoni, wakauliza kama kuna wanachoweza kusaidia. Verlyn akasema hapana, tuko sawa tu. Wakaondoka, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye atakayerudi kuuliza mara ya pili na ya tatu. Verlyn akabaki barazani, mguu juu ya ndoo, akisubiri mara ya tatu ya mtu yeyote.

Aliyekaribia zaidi alikuwa Duane Ubben, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya barabara. Hao wawili wamejuana tangu darasa la kwanza, na tangu hapo huenda hawajawahi kutazamana machoni. Duane alikuja, akaegemea nguzo, akayatazama mahindi ya mwenzake.

"Yamekauka, naona."

"Yamekauka."

"Nikimaliza kwangu ningeweza kuvuka barabara na kombaini."

"Usijisumbue, Duane. Tuko sawa tu."

"Si usumbufu, bwana. Ni kuvuka tu."

"Una kazi zako. Sisi tutayamaliza pole pole."

Ilibaki mara moja. Nyuma ya mlango wa wavu, Ardith, mkewe Verlyn, alisimama na kitambaa cha vyombo, akimwombea Duane afungue kinywa. Duane akakifungua. Mara simu ikalia mfukoni mwake. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye matope na dereva hajui la kufanya. Akainua kidole kimoja, ndiyo salamu yetu, akaenda mbio. Ardith akakitupa kile kitambaa kwenye sinki.

* * *

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa na ugonjwa. Mabua yalikuwa yameoza kwa ndani, yamesimama kwa heshima tu. Redio ilikuwa imeshaanza kusema habari za upepo mkubwa kutoka magharibi, ungefika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mahindi yakilala chini kombaini, ile mashine ya kuvunia, haiyaokoti, na nusu ya shamba lile si la Tjaden. Ni la bibi mmoja aliyehamia Arizona kufuata joto. Bibi huyo alikwisha kusema kwenye simu, kwa upole sana, kwamba kuna kijana anayeliulizia. Mpangaji asiyevuna hapewi mwaka mwingine. Ardith alilijua hilo, na Verlyn alilijua, na hawakulizungumza kwa sababu walikuwa wanakula.

Alhamisi, wiki moja kabla ya upepo, Ardith alijaribu mwenyewe. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuendesha lori la nafaka, si kombaini, lakini alipanda, akawasha, akaingia shambani. Verlyn alimfuata kando kando ndani ya gari dogo, mguu umetokeza dirishani, akipuliza filimbi ya mpira wa kikapu kila alipotaka ageuke. Mwanzo hakwenda vibaya. Kisha filimbi ikalia mara mbili, na wao walikuwa hawajakubaliana mara mbili maana yake nini. Ardith akakata kona, akaizoa nguzo ya uzio na sanduku la barua, ncha moja ya mdomo wa kombaini ikapinda juu.

Wakati huo huo Duane alikuwa anapita barabarani. Aliona nguzo, aliona sanduku la barua likining'inia kwenye mdomo wa mashine, akamwona Verlyn na filimbi yake. Akainua kidole kutoka kwenye usukani, akapita bila kupunguza mwendo, maana kusimama kungekuwa kuonyesha kwamba ameona. Alifika nyumbani hana raha kabisa. Alimwambia mkewe, LaVonne, kwamba angetamani kuingia tu pale na mashine, lakini mtu amekwambia yuko sawa, utamwingiliaje?

Ijumaa akaja Mchungaji Denise. Huyu alikuwa hajamaliza mwaka kwetu. Alitoka New Jersey, ambako inasemekana mtu mwenye njaa husema ana njaa. Alikaa kitako kwenye kochi la Tjaden, akamtazama Verlyn usoni.

"Verlyn, nimekuja kuuliza jambo moja. Mnahitaji msaada?"

"Hapana, Mchungaji. Tuko sawa tu."

"Oo, vizuri. Nimefurahi kusikia."

Akainuka. Ardith alitoka jikoni mbio na keki ya tufaha, akamwomba akae kidogo. Mchungaji akasema asante, ameshiba, na ikaonekana kwamba kweli ameshiba. Akapeana nao mikono, akaondoka. Mume na mke wakabaki wanaitazama keki. Kwetu mtu huaga sebuleni, akaaga tena mlangoni, kisha akaaga dirishani mwa gari mpaka kahawa aliyoiacha ipoe. Hawakuwahi kuona ziara inayokwisha namna ile.

Jumapili, baada ya matangazo ya kwaya, Mchungaji Denise alisimama mbele yetu na uso wa furaha. Alisema wengi wamemuuliza habari za Verlyn, kwa hiyo amekwenda mwenyewe kumwona. "Ameniambia kwa kinywa chake kwamba hahitaji kitu," akasema. "Basi tumshukuru Mungu, na tumwache apumzike."

Wasemayo watu wa kituo cha mafuta, pale wanaume wanapokunywa kahawa ya asubuhi, ni kwamba kufikia Jumamosi walikuwa wameshanong'onezana: Jumatatu tunakwenda na mashine zetu, hatuulizi mtu. Sasa watakwendaje? Mtu ametangazwa madhabahuni kwamba hahitaji kitu. Kuingia shambani mwake kungekuwa kumwambia kwamba amemdanganya mchungaji. Wote wakayageukia masikio ya Verlyn, yaliyokuwa mekundu, na mguu wake wa plasta ulionyooshwa kwenye njia ya katikati.

Verlyn akaitikia, "Amina."

* * *

"Umesema amina," Ardith akamwambia garini.

"Ningesema nini?"

"Ungenyamaza. Mtu haitikii amina kwa hasara yake mwenyewe."

Wakafika nyumbani. Ardith akapasha viazi, akaweka sahani mezani, akaweka na simu kando ya sahani ya mumewe.

"Mpigie Duane."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unamhitaji. Maneno mawili."

Verlyn alimtazama kana kwamba ameambiwa avue suruali mbele ya kwaya. "Ardith, nimeishi ng'ambo ya barabara na yule mtu maisha yangu yote. Sijawahi kumwomba hata msumari."

"Naye hajawahi kukuomba. Ndiyo maana stoo zenu zote mbili zimejaa misumari."

"Atauliza tena."

"Hatauliza tena. Umemfunga mdomo kwa amina."

Verlyn akala viazi. Alikuwa mtu mwema, nami sitaki mtu amdhanie vingine. Alikwisha kuvuna mashamba ya wagonjwa wengi, na alipovuna alijisikia vizuri mpaka mwezi mzima. Kupokea ndiko asikokujua. Hakuna aliyemfundisha, na alikuwa anaogopa. Mficha uchi hazai, lakini Verlyn alikuwa tayari asizae.

Ardith hakulala vizuri. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na katikati ya kulia akapata shauri. Kumwomba jirani haiwezekani, lakini kupika inawezekana. Kwetu majirani wakija kumvunia mtu, mke wa nyumba ile huwapikia wote, na hilo halina mjadala. Sasa, kama mji ungesikia kwamba Ardith Tjaden anapika chakula cha watu ishirini siku za mavuno, mji ungejiuliza ishirini gani. Ungejiona wenyewe. Na watu wetu wanaweza kuacha mahindi ya mwenzao yaanguke kwa sababu ya adabu, lakini hawawezi kuacha chakula kiharibike. Hakuna ambaye angekuwa ameomba, na hakuna ambaye angekuwa amedanganya. Lilikuwa shauri zuri kabisa.

Jumanne mchana akaenda dukani kwa Twyla, duka letu la pekee, linalotazamana na kanisa. Chakula cha mavuno ni nyama ya ng'ombe, iliyopikwa mpaka inachambuka. Twyla akamwambia nyama ya ng'ombe imekwisha, gari linaleta kesho kutwa. Ardith alikuwa na mawazo mengi. Mikono yake, iliyokwisha kuandaa chakula cha msiba cha nusu ya makaburi yetu, ikaenda yenyewe kwenye friji ya pembeni ikachukua hemu, yale mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi, tena matatu. Ikachukua na skonzi ndogo nyeupe, trei kwa trei.

Huhitaji kuwa mtu wa Osterfeld siku nyingi kuijua hemu ile na skonzi zile. Zinaliwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, baada ya jeneza kutoka.

Twyla akapiga hesabu taratibu sana. Aliyaona macho ya Ardith, mekundu.

"Verlyn anaendeleaje?"

Ardith alikuwa na mengi ya kusema kuhusu Verlyn, mengine si ya kusemwa dukani. "Acha tu, Twyla," akasema, "nitakueleza siku nyingine."

Twyla akaweka mkono wake juu ya mkono wa Ardith. Kwetu watu hawashikani mikono dukani, na Ardith alishangaa kidogo. Akavuka barabara, akaingia jikoni mwa kanisa, akatoka na yale masufuria makubwa ya umeme, yote matatu, akayapakia garini. Twyla aliyaona yote kupitia dirishani. Masufuria yale hayatoki matatu kwa pamoja kwa sababu ya kitu kidogo. Akageuza kibao cha duka, akanyanyua simu.

Kufikia jioni hapakuwa na nyumba isiyojua kwamba Verlyn Tjaden amefariki. Damu iliganda mguuni, wakasema. Inatokea sana kwa watu wa plasta. Simu zililia kila mahali isipokuwa mahali pamoja, kwa sababu nyumba ya msiba haipigiwi simu. Huendewa, asubuhi yake, na chakula mkononi. Mchungaji Denise aliambiwa naye, akakaa ukingoni mwa kitanda chake akikumbuka kwamba alimwambia mtu yule nimefurahi kusikia.

* * *

Jumatano ilikuwa shwari, mbingu safi, na mabua ya mahindi yakigongana taratibu. Verlyn alikuwa barazani na kikombe chake. Ndani Ardith alikuwa anakata nyama, na harufu ya hemu ikamfikia Verlyn, akajiuliza mkewe anampikia nani. Hakuuliza, kwa sababu tangu Jumapili kila alichouliza kilimrudia na mwiba.

Akaona gari la Duane linavuka barabara. Lilikuwa linakwenda pole pole mno, na taa zimewashwa mchana. Duane akashuka, LaVonne akashuka upande wa pili. Duane alikuwa amevaa koti la harusi ya binti yake na tai, na amebeba bakuli la tambi za kuoka lililofunikwa karatasi ya alumini. Alitembea kichwa chini mpaka katikati ya uwanja, akakiinua. Akasimama. Bakuli likainama upande mmoja.

"Verlyn," akasema.

"Duane."

Upepo mdogo ukapita.

"Naona upo."

"Nipo."

"Vizuri."

Verlyn aliitazama ile tai. "Leo Jumatano. Nani kafa?"

Duane akalitazama bakuli lake kana kwamba jibu limo humo. "Kwa kweli, habari tulizozipata sisi ni kwamba ni wewe."

Verlyn akalifikiria jambo hilo. "Hapana," akasema kwa upole, akionekana kuona vibaya kwamba amewapotezea watu asubuhi yao. "Si mimi."

LaVonne alikuwa ameanza kulia tangu garini, sasa akaendelea kulia na kucheka kwa pamoja, akaenda kumpiga Verlyn begani na pochi. Nyuma yao magari mengine yalikuwa yameshaingia kwenye njia nyembamba ya Tjaden, moja nyuma ya jingine, mpaka barabarani. Wa mbele hawakuweza kurudi kwa sababu ya wa nyuma, na wa nyuma walikuwa hawajaona bado. Watu wakashuka na mabakuli yao. Kila aliyefika uwanjani alisimama pale pale aliposimama mwenziwe, akamtazama marehemu, akasema habari za asubuhi. Marehemu akajibu nzuri, karibuni. Ungefanya nini kingine? Kisha wakaanza kuzungumza habari za hali ya hewa.

Ardith akatoka mlangoni na kisu mkononi. Alizitazama tai. Akaiona jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo kwetu haitengenezwi mtu asipokuwa amekufa, na pale pale akaelewa. Akaikumbuka friji ya pembeni, akaukumbuka mkono wa Twyla. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akajifunika uso na aproni, mabega yakimtikisika. Ilichukua muda watu kujua kwamba ni kicheko.

"Nilitaka ya ng'ombe," akasema alipopata pumzi. "Ilikuwa imekwisha."

Basi akina mama wakajua, wote kwa pamoja, alichotaka kukifanya. Waume zao wakaelezwa kwa kunong'onezwa masikioni. Walipokwisha kuelezwa wakayatazama mahindi, kisha viatu vyao, wakarudi kuyatazama mahindi. Lakini hakuna aliyesema neno, maana lile tangazo la Jumapili lilikuwa bado limesimama pale kati yao.

Verlyn alikuwa anahesabu magari. Alimwona mtu ambaye alijua kwa hakika kwamba ana mahindi yenye ugonjwa kama yake. Alimwona mwingine ambaye hana mfanyakazi.

"Nani yuko shambani?" akauliza.

"Hakuna mtu," Duane akasema.

"Na upepo unakuja kesho."

"Tunajua."

"Mmeacha mashine zote, siku kama ya leo?"

Duane akajiweka tai sawa. "Mtu hawezi kwenda kwenye msiba na kombaini, Verlyn."

Hapo akafika Mchungaji Denise, kwa miguu, maana gari lake lilizuiwa barabarani. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na kola, kitabu kifuani, macho yamevimba. Alimwona Verlyn na kikombe chake. Hakusema habari za asubuhi. Alipanda baraza moja kwa moja, akamshika mkono kuona kama una joto, akauachia.

"Ijumaa nilikuuliza kama unahitaji msaada," akasema. "Ukaniambia hapana. Nikasimama nikawaambia watu wote hawa. Nataka kujua, Verlyn. Je, niliwaambia uongo?"

Watu wote wakaona jinsi alivyobanwa. Duane, kwa huruma, akaingilia kati, akasema Mchungaji asijali, hapakuwa na uongo wowote, ni namna tu ya kuzungumza. Verlyn alinyoosha mkono kumzuia. Aliyatazama mabakuli, kila mtu alikuwa bado amelishika lake. Akajaribu kuinuka, akakosa gongo, akakaa tena.

"Wewe hukusema uongo, Mchungaji," akasema. "Mimi ndiye niliyesema." Akaweka kikombe chini. "Nahitaji msaada. Mahindi yangu yataanguka kesho, na nikiyakosa haya sina shamba. Siwezi peke yangu. Nilikuwa nataka kusema hivyo tangu siku niliyoanguka."

Mji wa Osterfeld una zaidi ya miaka mia, na sidhani kama maneno yale yaliwahi kusemwa mchana kweupe, tena na mtu aliye na nguo zake zote. Ardith akafuta macho na aproni, na sasa hakuwa anacheka.

"Sisi tusingependa kukusumbua," Duane akaanza.

"Duane," Verlyn akasema. "Nenda kalete kombaini."

* * *

Kombaini nne zilivuka barabara kabla kahawa haijachemka mara ya pili, na malori nyuma yake. Hakuna aliyerudi nyumbani kubadili nguo. Walivua makoti wakayatundika kwenye uzio, wakavuna na tai zao shingoni, na anayejua vumbi la mahindi anajua zile tai zilivyokuwa jioni. Mchungaji Denise alipewa kazi ya kukaa juu ya lori na kupiga bati kwa fimbo likijaa, akalipiga kwa nguvu zote. Mmoja alilinyoosha lile sanduku la barua kwa goti, akalisimamisha kwenye nguzo mpya.

Adhuhuri wakala hemu. Wakala na tambi, na viazi, na jeli yenye karoti, wakiwa wamesimama kandokando ya magari. Kila mtu akasema ni msiba mzuri kuliko yote aliyopata kuhudhuria, na Twyla, ambaye hakuthubutu kumtazama Verlyn asubuhi nzima, aliletewa sahani na Verlyn mwenyewe kwa magongo, nusu ya saladi ikimwagika njiani. Alimshukuru kwa kumuua. Twyla akasema hapana, yeye hakufanya kitu.

Alasiri ilibaki mistari ya mwisho, upande wa bibi wa Arizona. Duane alisimamisha kombaini karibu na baraza. Yeye na wanaume wengine wawili wakamwinua Verlyn na mguu wake wote, wakampandisha mpaka kwenye kile kiti kidogo kando ya dereva. Daktari alikuwa amekataza, lakini daktari naye alikuwa kule anaendesha lori.

Wakaenda mstari mzima. Mahindi yaliingia mdomoni mwa mashine, mbele yao mistari ikazidi kupungua. Verlyn alikuwa ameweka mkono juu ya plasta yake.

"Asubuhi," akasema, "ulikuwa umepanga kumwambia nini Ardith?"

Duane alifika mwisho wa shamba, akageuza, akaingia mstari mwingine.

"Asiwaze habari za mahindi," akasema. "Kwamba tungekuja baada ya kukuzika, sote, tuyamalize. Asifungue hata mdomo."

"Sote nani?"

"Hawa hawa. Tulipanga jana kwenye simu. Nani alete kombaini, nani lori."

"Kwa hiyo kama ningekufa wiki ile ya kwanza—"

"Yangekuwa ghalani zamani."

"Mbona hukuja tu, Duane?"

"Ulisema uko sawa." Duane alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. "Nilikuwa nakuona kila siku pale barazani. Nilikuwa silali, Verlyn. Nilikuwa naamka naenda dirishani kuangalia kama yamesimama."

Verlyn akageuza uso upande wa kioo, na mabega yake yakaanza kufanya kile ambacho mabega ya mkewe yalikifanya asubuhi, isipokuwa hiki hakikuwa kicheko. Duane aliona. Ni mtu wa heshima, Duane, akafungua redio kwa sauti kubwa, wakasikiliza pamoja bei ya nguruwe mpaka mwisho wa mstari.